Ebrahim Hussein Alivyomfunga Kinjeketile kwa Neno Lake Mwenyewe

Uwanja wa mpira wa Singida Mjini, zamani Namfua, leo unaitwa Liti. Ni jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi za huko zinasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Kumpandisha shujaa wa aina hiyo jukwaani ni kazi ngumu, kwa sababu muujiza ukionyeshwa waziwazi hupoa. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, aliukuta mtihani huo alipoandika *Kinjeketile*, tamthiliya iliyochapishwa mwaka 1969. Yeye alikuwa na maji ya Kinjeketile, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi za Wajerumani.

Tazama anavyoanza. Hakuna bunduki wala ngoma ya vita. Bi. Bobali na Bi. Kitunda wanazungumza juu ya njaa, maana waume zao wanatumikishwa kwenye shamba la pamba la Mjerumani. Hata Hongo, pepo wa mtoni, hatokei kama mhusika. Nguvu zake zinaonekana kwenye mwili wa Kinjeketile anayevutwa majini, na kwenye hofu ya wanaomsubiri.

Kisha linakuja fundo lenyewe. Kinjeketile anapozinduka, anatambua kwamba ujumbe aliotamka unasema watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani wamfukuze Mjerumani, halafu wawe chini ya Sultani! Lakini makabila yameshaungana kwa neno hilo, na vijana hawashikiki. Aliyewapa imani ndiye anayeitilia shaka, na kuanzia hapo vita vikali zaidi ni vile vilivyo moyoni mwake. Uamuzi huu wa Hussein ndio ulioipa tamthiliya uhai wa zaidi ya miaka 50.

Ili fundo hilo lifike mwisho, Hussein aliisogeza historia. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa hai hadi wapiganaji washindwe, awekwe kizuizini na atakiwe kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa ajili ya wajukuu watakaosimuliwa vita hivyo. Hussein hakuficha badiliko hilo: alieleza mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni mtu aliyeumbwa kwa ubunifu.

Vijana wa Singida wanaotaka kumwandikia Liti tamthiliya wasianze na mizinga. Waende kwanza kwa wazee, waulize ni nani waliomtegemea, na siku ya kuwakabili Wajerumani alihofia nini.