Ardhi Yenye Kinywa: Uhakiki wa Usomaji wa Kisa cha Kaini na Habili kama Istiara ya Umiliki wa Ardhi

1.0 Utangulizi

Kisa cha Kaini na Habili, kilichomo katika sura ya 4 ya kitabu cha Mwanzo, kimefasiriwa mara nyingi kuwa istiara ya historia ya ustaarabu. Kwa mujibu wa usomaji huo, Kaini anawakilisha kilimo, Habili anawakilisha ufugaji, na mauaji ni tendo la mkulima kumwondoa mfugaji katika ardhi ili mji upate kujengwa. Usomaji huu una ukoo mrefu. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, alimtaja Kaini kuwa mtu wa kwanza kuweka mipaka ya mashamba na kubuni vipimo na mizani. Augustino, katika kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu, alimwona kuwa mwasisi wa mji wa kidunia, akamlinganisha na Romulus, ambaye naye alimuua nduguye. Katika zama za karibu, riwaya ya Daniel Quinn, Ishmael (1992), imekichukulia kisa hiki kuwa simulizi ya wafugaji wa Kisemiti kuhusu wakulima waliokuwa wakiwanyang'anya ardhi.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba usomaji huo unakipa kisa msamiati wa umiliki ambao chenyewe hakina, na kwamba kosa hilo lina athari nje ya fasihi.

2.0 Msamiati wa ardhi katika Kiebrania

Neno linalotawala kisa ni adama, lenye maana ya udongo unaolimika. Limetumika mara sita katika aya za 2 hadi 14. Udongo huo unatoa mazao, unafumbua kinywa, unapokea damu, na hatimaye unamnyima mkulima nguvu zake. Kwa lugha ya kisarufi, adama mara kadhaa ni mtenda. Kitenzi kinachoeleza kazi ya Kaini ni avad, ambacho humaanisha kulima na pia kutumikia. Uhusiano wa mkulima na udongo, basi, hauelezwi kama wa mmiliki na mali yake.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Jina la Kaini linahusishwa katika aya ya 1 na kitenzi qana, yaani kupata au kujipatia, kitenzi ambacho katika kitabu cha Ruthu na cha Yeremia hutumika kwa ununuzi wa shamba. Josephus alijengea hoja yake kwenye jina hilo. Hata hivyo, anayepata katika aya hiyo ni Hawa, na anachopata ni mtoto. Hakuna mahali popote katika sura hiyo ambapo Kaini au Habili anatajwa kupata, kununua, kurithi wala kugawiwa ardhi. Ugomvi wao unazuka kutokana na sadaka iliyokubaliwa na iliyokataliwa, na hakuna mpaka wala malisho yanayotajwa kuwa chanzo chake.

Aya ya 20 inaudhoofisha zaidi usomaji wa kiistiara. Yabali, anayetajwa kuwa baba wa wakaao katika hema na kufuga wanyama, ni wa uzao wa Kaini. Uzao huohuo ndio unaotoa mji, muziki na ufuaji wa shaba na chuma. Iwapo Kaini ni kilimo kilichoua ufugaji, haielezeki ni kwa nini ufugaji unazaliwa tena nyumbani mwake.

3.0 Visa ambamo umiliki umo

Maandiko hayohayo yanao msamiati wa umiliki pale yanapouhitaji. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu, akiwa mgeni, anamlipa Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba na pango la Makpela. Yanatajwa mipaka, miti iliyomo shambani na mashahidi langoni. Neno linalotumika ni ahuza, yaani milki.

Katika 1 Wafalme 21, mfalme Ahabu anamtaka Nabothi wa Yezreeli amwachie shamba lake la mizabibu, kwa kubadilishana au kwa fedha, apate kulifanya bustani ya mboga. Nabothi anakataa kwa neno nahala, urithi usiotengana na ukoo. Wote wawili ni watu wa kupanda, kwa hiyo tofauti ya mkulima na mfugaji haina nafasi. Kinachopambana ni fahamu mbili za ardhi: moja inaiona kuwa kitu chenye bei, nyingine inaiona kuwa dhamana ya walio hai kwa waliowatangulia. Nabothi anauawa kwa barua zenye muhuri wa mfalme, mashahidi wawili wa uongo na hukumu ya wazee wa mji. Anayetafuta istiara ya unyang'anyi wa ardhi hana haja ya kuilazimisha katika sura ya Kaini. Kisa cha Nabothi kinaonyesha jinsi sheria yenyewe inavyogeuzwa kuwa chombo cha kunyang'anya.

4.0 Ardhi katika Kiswahili

Tafsiri ya Biblia ya Union (1952) imetumia neno ardhi kwa adama, na nchi au dunia kwa erets. Uteuzi huo una msimamo, lakini una gharama mbili. Kwanza, mwangwi wa adam na adama umepotea: Kiswahili kina mwanadamu, lakini udongo hauitiki katika jina lake. Pili, ardhi, neno lenye asili ya Kiarabu na lenye nasaba moja na erets, limebeba maana ya kisheria: hati, mipaka, wizara, baraza. Msomaji wa Kiswahili anaposoma kwamba Kaini alikuwa mkulima wa ardhi, umiliki umekwisha kuingia kabla hajafika kwenye sadaka.

Kurani inatoa kipimo kizuri. Katika sura ya Al-Maida, aya ya 27 hadi 31, wana wawili wa Adamu hawatajwi majina wala kazi. Ardhi ndipo kunguru anapofukua ili kumwonyesha muuaji namna ya kumsitiri nduguye. Humo pia ardhi haina mwenyewe.

5.0 Athari za usomaji

Suala hili si la kinadharia tu. Migogoro ya wakulima na wafugaji, kama ile ya Kilosa mkoani Morogoro, ikisomwa kwa kioo cha Kaini na Habili, huonekana kuwa uadui wa asili usio na mwandishi wala tarehe. Lakini mwandishi yupo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, katika kufafanua ardhi ya jumla, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo haina nyongeza hiyo. Malisho yanayopumzishwa kwa msimu yanaweza kuhesabiwa kuwa hayatumiwi. Hapo maneno ya sheria yana uzito kuliko tabia ya Kaini.

6.0 Hitimisho

Istiara ni nyenzo halali ya uhakiki iwapo inaanzia kwenye maneno ya matini. Usomaji wa Kaini kama mmiliki wa kwanza unaanzia kwenye swali la msomaji, kisha unalitafutia jibu mahali lisipokuwapo. Katika kisa hicho ardhi ni shahidi anayeuliziwa damu. Katika kisa cha Nabothi ndiyo inayodaiwa. Anayevichanganya visa hivi viwili huwabebesha ndugu wawili lawama inayomstahili mwenye muhuri.