Pongezi kwa Matabibu wa Mionzi

Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamo watu wanaostahiki shukrani zetu za dhati, nao ni matabibu, mafundi wa mionzi na wauguzi ambao huidhoofisha saratani kwanza, kisha wakaipiga.

Mionzi hukata vinasaba vya seli, lakini seli ya saratani, kwa inda yake, hujitahidi kuviunga upya. Kwa hiyo mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi hutiwa, kwa kawaida mara moja kwa juma, dripu ya sisplatini, dawa ambayo platini yake huving'ang'ania vinasaba hivyo na kuzuia visitengenezeke. Asili ya dawa hii ni ya ajabu: mwaka 1965, huko Michigan, mtafiti Barnett Rosenberg alikuwa akichunguza athari ya umeme kwa bakteria, akaona wameacha kugawanyika, na sababu haikuwa umeme bali platini iliyotoka katika vipitishio vyake. Kufikia 1999, tafiti zilikwisha kubainisha kwamba dawa hiyo pamoja na mionzi huokoa wengi zaidi kuliko mionzi peke yake.

Hata hivyo, taadhima yangu kubwa ni kwa muuguzi, kwani sisplatini hudhuru figo, naye ndiye atangulizaye maji ya chumvi mshipani, akapima mkojo, akatazama wingi wa damu, maana damu ndiyo ibebayo oksijeni, na uvimbe uliokosa oksijeni huikaidi mionzi, na hayo yote huyafanya huku akimwita mgonjwa "mama" na kumfunika khanga miguuni.