Valvu Inayonyamaza Ndiyo Inayoungua

Mwenye boti hakuja kulalamikia kelele. Aliileta injini kwa gari kutoka Guta, wilayani Bunda, hadi kwetu Musoma, akiisifu kwamba siku hizi imetulia kama mpya. Shida yake ilikuwa nguvu. Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja. Akishakimbia nayo saa nzima ziwani na kuizima, kuiwasha tena ni jasho. Ikiwaka, inatetemeka kwenye mwendo mdogo na kukohoa kwenye ekzosi. Plagi zilikuwa mpya, na kabureta imeoshwa mara mbili.

Sishangai mkono wa fundi kukimbilia huko. Mafundi wengi wa mialo yetu tumelelewa na injini za mapigo mawili, ambazo pistoni yenyewe hufungua na kuziba matundu ya ukuta wa silinda. Hazina kemshafti, roka wala tapeti. Hii ya nguvu ya farasi 40 ilikuwa ya mapigo manne, silinda tatu. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 2,500, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Mlango unaofanya kazi hivyo lazima ushukiwe.

Tulianza na geji ya kompresheni, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, kabureta wazi mpaka mwisho. Silinda ya kwanza ilitoa kilo 12 kwa sentimita ya mraba, ya pili 12, ya tatu 7. Tukamimina kijiko cha oili katika ile ya tatu na kupima upya. Oili huziba pembeni mwa ringi kwa muda, hivyo mshale ukipanda, ringi zimekwisha. Mshale uligoma pale pale. Zikabaki valvu na gasketi.

Kijana tunayefanya naye kazi, aliyejifunzia ufundi Butiama kwenye mashine za kusaga mahindi, ndiye aliyetaka hewa. Tuliazima kompresa ya fundi pancha. Plagi mbovu iliyotobolewa na kuchomelewa bomba ikawa kiunganishi. Pistoni ya tatu ikaletwa juu kabisa katika pigo la kushindilia, ambapo valvu zote mbili hupaswa kuwa zimefunga, na flaiwili ikashikwa imara, maana hewa hiyo inaweza kuizungusha na kuvunja mkono wa mtu. Kisha tukatumia masikio. Kwenye mdomo wa kabureta, kimya: valvu ya kuingiza ni nzima. Kwenye tundu la kujazia oili, pumzi ndogo tu: ringi ni nzima. Kwenye tundu la plagi ya silinda jirani, hakuna kitu: gasketi haijapasuka. Kwenye kitovu cha propela, unakotokea moshi wa injini hii, hewa ilifoka kama tairi lililochomwa msumari. Tulikuwa tumempata: valvu ya kutoa moshi.

Injini ilipopoa tulichukua fila geji. Kitabu chake kinataka milimita 0.25 hadi 0.35 kwenye valvu za moshi. Silinda mbili za kwanza zilikubali 0.15, ya tatu haikupitisha hata 0.05. Hapo ndipo mwenye boti alipokumbuka: miezi mitatu nyuma injini ilikuwa ikigonga tik-tik, akampa fundi mmoja amwondolee kelele. Tapeti zikakazwa mpaka zikanyamaza.

Kimya kile ndicho kilichoiunguza. Valvu ya moshi hupoa hasa inapokalia siti yake, joto likihamia kwenye silinda hedi. Ikipata moto hurefuka. Isipoachiwa nafasi ya kurefukia, roka huishikilia wazi kidogo, moto wa silinda ukapenya kwenye ufa huo na kula ukingo wake. Tena kadiri inavyotumika, huzama kidogo kidogo kwenye siti, na nafasi ikazidi kupungua. Na boti haina mteremko: gari hushuka kilima likipumua, injini ya boti husukuma maji kutoka mwalo hadi mwalo. Tapeti iliyolegea hutafuna roka, ila inasema. Iliyobana ni mficha maradhi, na kifo humuumbua.

Tuliweka alama kwenye puli, tukavua taimingi beliti na kushusha silinda hedi. Ukingo wa valvu ya tatu ulikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya ulezi. Valvu ya namna hiyo haisagwi, inatupwa. Siti nayo ilikuwa imeliwa, hivyo hedi ikapanda basi kwenda Mwanza kukatwa siti mashineni. Iliporudi, tulizisaga valvu zote sita kwa pesti na mkono, mpaka kila moja ikaacha duara la kijivu lisilokatika. Tukarudishia springi na kumimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa na moshi; dakika kumi zikapita bila tone kuvuja. Tukafunga kwa gasketi mpya, tukikaza bolti kwa hatua kutoka katikati kwenda nje, na kuseti tapeti injini ikiwa baridi: 0.20 kuingiza, 0.30 kutoa. Geji ikasoma 12 kotekote.

Mwenye boti alipoiwasha, alikunja uso.

“Fundi, mbona kelele zimerudi?”

“Hizo ziache, tajiri,” nilimjibu. “Zikipotea, nipigie simu.”