Mkata Magogo Aliyeuweka Mche Ndani ya Ngoma

Kando ya barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela kuelekea Isinya, miche na makaa huuzwa karibu karibu. Miche imesimama ndani ya viriba vyeusi, makaa yamepimwa kwenye madebe. Mimi hununua vyote viwili. Makaa huisha kwa wiki. Miche kumi niliyopanda masika ya mwaka juzi ilibaki miwili ilipofika Septemba: mingine ililiwa na mbuzi, mingine ikakauka pale udongo wetu mweusi ulipopasuka nyufa za kuingiza kiganja na mizizi ikaachwa wazi. Hasara hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Richard St. Barbe Baker. Huyu ni mtu aliyeanza kwa kukata miti na kumaliza kwa kuandika juu yake, na katikati ya maisha yake kuna siku moja hapa Kenya ambayo kila anayegawa miche angefaa kuisoma kama fundi anavyosoma ramani ya nyumba.

Baker alizaliwa Uingereza mwaka 1889. Akiwa kijana alikwenda Kanada, akasoma Saskatoon na kufanya kazi ya kukata magogo karibu na Prince Albert. Kambini aliona miti mizuri ikiangushwa na sehemu kubwa ikiachwa ioze. Kwenye mbuga za ngano aliona wakulima wakiondoa vichaka vyote, kisha upepo ukibeba udongo. Vumbi lile la Kanada tunalijua sisi wa Kajiado; ndilo linalofunika nguo kwenye kamba kila Februari. Baada ya Vita vya Kwanza alisomea misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaletwa Kenya kuwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni.

Kituo chake kilikuwa Muguga, upande wa Kikuyu, ambako msitu ulikuwa umekwisha kufyekwa. Mahitaji ya miche yalikuwa makubwa, fedha kidogo. Alipowaambia wazee wapande miti, jibu lao lilikuwa kwamba hilo ni shauri la Mungu. Afisa mwingine angetoa amri na faini. Baker aliangalia kile ambacho jamii ilikuwa inakifanya tayari bila kulazimishwa na mtu. Palikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya mavuno. Akauliza, kwa nini miti isiwe na ngoma yake?

Hapa ndipo ufundi wote ulipo. Ngoma ina tarehe, na tarehe humfanya mtu ajiandae. Ngoma ina watazamaji, na ahadi iliyotolewa mbele ya watazamaji haifi kimya kimya. Tena ngoma ni ya wenyeji. Baker alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, naye Njonjo ndiye aliyekuwa na sauti ambayo mzungu mgeni hakuwa nayo hata kidogo. Tarehe 22 Julai 1922, kwa masimulizi ya Baker mwenyewe, vijana 3,000 walifika kambini wakiwa wamejipamba.

Sasa tazama alichofanya na umati huo. Hakuwapa miche 3,000 wakaondoka nayo. Alitaka watu wa kujitolea, wakachaguliwa 50 tu. Nimesoma hesabu hiyo mara nyingi na kila mara huniuma, kwa sababu sisi hufanya kinyume: lori linafika uwanjani, miche inagawiwa kwa yeyote mwenye mikono, picha zinapigwa, na jioni hakuna ajuaye mche upi ni wa nani. Wale 50 waliapa kupanda kila mmoja miti kumi kwa mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Kumi ni idadi ambayo mtu mwenye jembe na shamba dogo anaimudu. Wakavaa alama kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, wakapata neno lao la kuitana, Twahamwe, lenye maana ya kuwa kitu kimoja. Wakajiita Watu wa Miti. Miche yao ikaanza kuingia kati ya mistari ya mahindi na viazi vikuu, mahali ambapo jembe la palizi hupita hata hivyo. Aliyepalilia chakula chake alipalilia na mti.

Watu 50 kwa miti kumi ni miti 500 kwa mwaka. Ukiiweka kando ya lengo la taifa letu la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ni kama tone. Lakini kila mti wa hiyo 500 ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijulikana kwa jina na kwa alama mkononi.

Kuna jambo lazima lisemwe. Siku ile tunaijua zaidi kwa kalamu ya Baker kuliko kwa kinywa cha Njonjo au cha wale vijana. Aliandika vitabu zaidi ya 30. Cha mwaka 1931 kilibeba jina la chama chenyewe kwa Kiingereza, na cha mwaka 1956 kikaitwa kwa ngoma ile ile. Mwandishi ndiye anayebaki na hadithi. Pia alikuwa mtumishi wa serikali iliyowabana Wakikuyu kwenye hifadhi na kuwapa walowezi ardhi, kwa hiyo kusema wenyeji hawakuthamini miti ni kuwaonea. Mti wa mugumo ulikuwa mahali pao pa sala kabla afisa yeyote wa misitu hajafika. Hata hivyo naheshimu jinsi alivyoandika. Aliirudia siku hiyo moja miaka mingi, kitabu baada ya kitabu, mpaka watu wa nchi za mbali wakaanzisha vyama kwa mfano wake. Alifariki Saskatoon tarehe 9 Juni 1982, akiwa na miaka 92, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho katika mji ule ule aliosomea ujanani.

Je, mbinu ya Muguga inafaa Kitengela? Si yote. Muguga ni nyanda za juu zenye mvua. Uwanda wetu wa Kaputiei ulikuwa nyasi, njia ya nyumbu na ng'ombe, na anayetaka kuugeuza msitu mnene hajauelewa. Mti wa hapa ni ule ambao lugha ya Maa tayari ina jina lake na kazi yake: oltepesi kwa kivuli na maganda ya mbuzi, oloirien penye baridi kidogo kule vilimani. Nenda kwenye boma lolote ambako bado wanaweka maziwa kwenye kibuyu, utamwona mama akisugua ndani kwa kijiti cha oloirien chenye moto, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu, na maziwa yakabaki na harufu ile. Mama huyo hahitaji kuelezwa thamani ya mti huo. Anahitaji mche wake, na ua wa miiba wa kuzuia mbuzi miaka mitatu ya mwanzo.

Na ngoma yetu iko wapi? Mimi naiona kwenye chama. Kitengela haina mtaa usio na chama cha akina mama kinachokutana kila mwezi, chenye daftari, faini na zamu ya nyumba kwa nyumba. Ina tarehe, ina watazamaji, ina ahadi. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye daftari: mwenye zamu aonyeshe miti yake kabla ya chai kumiminwa, na ihesabiwe iliyo hai.

Mvua ya vuli inaanza Oktoba. Mwanachama anayesoma haya, liweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, muanze na miti miwili miwili, mashimo yachimbwe na samadi iingie kabla udongo haujalowa. Miti yangu miwili iliyosalia iko hai, na ua wake wa miiba nimeusuka upya wiki hii.