Insha katika Sinema: Uhakiki wa Vidokezo vya Pasolini Kuhusu Afrika

Miongoni mwa istilahi ambazo hatujazipima vya kutosha katika uhakiki wetu ni 'filamu ya insha'. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa juujuu, lakini neno 'insha' limebeba mazoea ya darasani. Mwanafunzi hupewa mada, huandika utangulizi, kiini na hitimisho, kisha mwalimu husahihisha. Hata jina la kitabu cha Shaaban Robert, Kielezo cha Insha, linaashiria kwamba kwetu insha ilihesabiwa kuwa jambo la kufuata kielezo. Neno la Kifaransa lililozaa dhana hii, ambalo Montaigne aliliita kazi yake iliyotoka mwaka 1580, lina maana ya jaribio, yaani mtu kulipima wazo lake mbele ya msomaji bila kuwa na hakika litamfikisha wapi. Katika makala haya nitadai kwamba tofauti hii si ya msamiati tu, bali inatupa kipimo cha kuihakikia aina hii ya sinema: je, sauti inayosema juu ya picha inakubali kujaribiwa, au inawajaribu wengine tu?

Dhana yenyewe ina historia. Hans Richter, msanii wa Kijerumani, aliandika kuihusu mwaka 1940, akaieleza kuwa filamu inayothubutu kuonyesha wazo, jambo lisiloonekana kwa macho. Mwaka 1958 mhakiki wa Kifaransa André Bazin aliitumia dhana ya insha kuieleza filamu ya Chris Marker kuhusu Siberia, Lettre de Sibérie. Bazin alibainisha kwamba kwa Marker picha haifuati tu picha iliyoitangulia, bali huambatana na neno lililosemwa, hivyo kwamba mwendo wa fikra hutoka sikioni kwenda jichoni. Mfano wake mashuhuri ni sehemu inayoonyesha mji wa Yakutsk. Picha zile zile za basi, gari la kifahari, wafanyakazi wanaotengeneza barabara na mpita njia mwenye makengeza huonyeshwa mara tatu. Mara ya kwanza maelezo yanausifu mji, mara ya pili yanaulaani, na mara ya tatu yanajitia kutopendelea upande wowote. Kila mara mtazamaji huona mji mwingine.

Mfano huu unatuhusu sisi wanalugha kuliko unavyowahusu wapiga picha. Unathibitisha kwamba katika filamu ya insha maudhui hayakai ndani ya picha pekee. Hujengwa na kauli. Hivyo basi, mhakiki anayejua kuichambua nafsi ya msimulizi katika riwaya ana zana za kuihakiki filamu hii pia.

Tuchukue kazi inayotugusa kwa karibu. Mwaka 1970 Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwongozaji wa sinema wa Italia, alitengeneza Appunti per un'Orestiade africana, yaani 'Vidokezo vya Oresteia ya Kiafrika'. Alipita Uganda na Tanzania akitafuta mahali na nyuso za kuigizia tamthilia tatu za Aeschylus. Wazo lake ni hili: kama vile katika Oresteia miungu wa kisasi wanavyogeuzwa kuwa miungu wema pale Athena anapounda mahakama, ndivyo Afrika iliyojipatia uhuru inavyoweza kuingia katika demokrasia bila kuyaua mambo yake ya kale. Miungu hao wa kisasi anawawakilisha kwa miti. Vita vya Troya anaviwakilisha kwa picha za vita vya Biafra. Chuo kikuu cha Dar es Salaam anakichagua kiwe hekalu la Apollo. Filamu kubwa aliyoikusudia haikutengenezwa kamwe. Vilivyobaki ni vidokezo hivi.

Kwa upande wa fani, hii ni insha ya kweli. Mwanzoni kabisa tunamwona mtunzi mwenyewe na kamera yake katika kioo cha dirisha la duka. Hajifichi nyuma ya sauti isiyo na mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya filamu za habari za wakoloni. Zaidi ya hayo, anaikatiza kazi yake ili awaonyeshe picha hizo wanafunzi wa Kiafrika katika chuo kikuu cha Roma na kuwauliza iwapo tamthilia iwekwe katika miaka ya uhuru au katika wakati wao. Wanafunzi hawamsifu tu. Mmoja anamkumbusha kwamba Afrika si taifa moja bali ni bara, na kwamba haifai kulijumlisha hivyo. Pasolini angeweza kuyakata maneno hayo. Ameyaacha, na kwa kuyaacha amekubali kujaribiwa.

Nilipoitazama filamu hii mara ya kwanza nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilivutiwa mno na ukweli huo. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu hapa nyumbani, mmoja aliniuliza swali ambalo kule ng'ambo halikuulizwa: "Mwalimu, na hao wa Kigoma wenyewe walisema nini?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sijaweza kuitazama kama nilivyoitazama mwanzo.

Kigoma ni mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Watu wake wanapita mbele ya kamera, na sauti ya Kiitaliano inawapima: huyu huenda akafaa kuwa Agamemnon, yule huenda akafaa kuwa Orestes. Chuo anakipiga picha Dar es Salaam, lakini wanafunzi anawauliza Roma. Pasolini alikuwa amekwisha kuitafsiri Oresteia kwa Kiitaliano mwaka 1960. Alijua vyema kwamba matini huja na lugha yake. Hata hivyo, Kigoma alisoma nyuso, wala hakusoma lugha.

Huenda baadhi ya wasomaji wakanijibu kwamba hivi ni vidokezo tu, na vidokezo havidaiwi ukamilifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini sidai ukamilifu. Nadai kwamba jaribio liwafikie pia wale ambao nyuso zao zimeazimwa. Kwamba jambo hilo liliwezekana, twajua kutokana na Safi Faye wa Senegal, ambaye mwaka 1975 alitoa Kaddu Beykat, jina la Kiwolofu lenye maana ya 'sauti ya mkulima'. Naye anasema kwa nafsi ya kwanza, kwa umbo la barua. Lakini ndani ya barua hiyo wakulima wenyewe huketi chini ya mti wakajadili kodi na zao la karanga linalowafilisi. Sauti ya mtunzi haipungui uzito kwa kuwa na wasemaji wengine. Ndipo inapopata wa kuisahihisha.

Kutokana na hayo, sipendekezi tulitupe neno 'insha', kwani limekwisha kuota mizizi. Napendekeza tulirudishie maana ya kujaribu, kisha tuitumie maana hiyo kuhukumia. Kwa kipimo hiki, kazi ya Pasolini ni insha jasiri katika chumba cha Roma, na ni insha ya darasani huko Kigoma: mada ilikuwa imekwisha kutolewa kabla watu hawajafika. Idara zetu za lugha zina wajibu wa kuzifundisha filamu za namna hii pamoja na riwaya na tamthilia, ili swali la mwanafunzi yule lisingoje tena mtu mmoja akumbuke kuliuliza.