Gitaa la Umeme Katika Nchi Isiyo na Umeme

Neno "zilipendwa" limezoeleka mno katika mazungumzo ya muziki wa dansi hata hakuna anayelichungua tena. Nyimbo za miaka ya 1960, 1970 na 1980 huitwa hivyo redioni, harusini na kumbini, na kila zipigwapo husifiwa gitaa: lilivyolia, lilivyobembeleza, lilivyojibizana na tarumbeta. Mpenzi wa lugha ana haki ya kulisimamisha neno hilo na kulihoji. Limeundwa kwa wakati uliopita na kwa kauli ya kutendwa. Mapenzi yamekwisha, na aliyependa hatajwi. Hapo palipoachwa wazi ndipo uhakiki wa muziki huu unapopaswa kuanza. Nani alilipenda gitaa, naye alilipendea wapi?

Jibu lililozoeleka ni la mijini, na lina ukweli wake. Mwaka 1964 bendi ya NUTA Jazz iliundwa chini ya chama cha wafanyakazi, Dar es Salaam. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alilifanya gitaa la solo kuwa sauti ya pili ya mwimbaji. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya kimataifa. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo wapenzi wake huiita Sikinde. Historia hii inajulikana, na husimuliwa kana kwamba muziki huu ulianza na kuishia katika kumbi zilizokuwa na taa, spika na viti vya kukodi.

Lakini wasikilizaji wengi wa gitaa hilo hawakuwahi kuingia katika kumbi hizo. Fikiria Qurus, kata ya wilaya ya Karatu, juu kwenye nchi ya Wairaqw, mahali pa mashamba na mifugo, mamia ya kilomita kutoka baharini. Katika vijiji vya nyanda zile, kama katika vijiji vingi vya Tanzania ya miaka ya 1970, hapakuwa na nguzo wala nyaya za umeme. Dansi lilifika kwa redio ya betri, zile betri ambazo watu huziita mawe. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio zake na kuzirusha nchi nzima. Mtu aliyekuwa akichunga au akipukuchua mahindi alisikia solo likipanda na kushuka, asijue limeshikwa na nani, lina rangi gani, wala lina nyuzi ngapi.

Ajabu ya jambo hili haijapewa uzito wake. Gitaa la umeme halina tumbo la kukuzia sauti kama lilivyo gambusi. Waya wake wa chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa nyuzi za shaba, na mtikisiko ule huwa mkondo mdogo wa umeme unaokuzwa na amplifaya. Ukikata umeme, husikii ila mkwaruzo. Chombo hiki, ambacho bila nguzo na nyaya ni bubu, kilipendwa kuliko vyote mahali pasipokuwa na nguzo wala nyaya. Vijana wa vijijini walikijibu kwa mikono yao wenyewe: debe au galoni la mafuta likawa tumbo, ubao ukawa shingo, waya wa breki za baiskeli ukawa nyuzi. Magitaa yale ya debe hayakuwa kichekesho cha watoto. Yalikuwa tafsiri. Kama kila tafsiri ya kweli, yalipoteza sauti ya asili yakabakiza mpangilio wake.

Na mpangilio ndio uliokuwa sanaa yenyewe. Bendi kamili ilikuwa na solo, solo la pili, rithimu na besi, na kila gitaa lilikuwa na mstari wake. Anayeujua ushairi hatapotea hapa. Besi hushika mizani. Rithimu hurudia vina, na ikikosea hata mara moja wimbo wote huchechemea. Solo la pili huanza jambo na kuliacha ukwapini, nalo solo hulipokea na kulimaliza. Mwimbaji akishatoa kisa chake kwa utulivu, Sikinde huingia katika sehemu waliyoiita chemko, na hapo maneno hupungua, magitaa yakabaki kuzungumza. Msikilizaji wa Karatu hakuhitaji kufundishwa maana ya mazungumzo hayo. Wairaqw wana sala ya kishairi iitwayo slufay, ambamo mzee mmoja hughani na waliokusanyika huitikia kwa pamoja. Sikio lililolelewa na wito na mwitiko hulitambua jambo hilohilo hata linapokuja kwa waya.

Kwa hiyo shauku ya leo inayoishia kwenye umbo la gitaa, rangi yake na jina la kiwanda, imeshika ganda ikaacha kiini. Ni kweli kwamba wapigaji wa kote duniani waliyatamani magitaa ya Fender na Gibson. Lakini katika Tanzania wapiga dansi wengi walipiga chombo kisichokuwa chao. Vyombo vilikuwa mali ya chama, ya jeshi, ya shirika au ya tajiri, viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu, na mwanamuziki aliyehama bendi aliliacha gitaa nyuma. Mwaka 1985 Hugo Kisima alipowavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, kuunda Safari Sound mpya, walichoondoka nacho ni kile kilichokuwa vidoleni na kooni. Kumlilia mtu huyu kwa kulisifu gitaa lake ni kumsifu mwenye mali na kumsahau mwenye mkono.

Hatima ya mapenzi haya ina uchungu wa pekee. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji ambavyo kwa miaka mingi vilisikia gitaa kwa mawe ya redio. Zilipofika, gitaa lilikuwa limekwisha kuondoka redioni. Tangu miaka ya 1990 kinanda na kompyuta vilikuwa vimeshika nafasi ya bendi, na Bongo Fleva ikawa sauti ya vijana. Wasomaji wa visiwani na mwambao hawana sababu ya kulitazama hilo kama msiba wa bara. Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vililitia gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu, na sauti ya Shakila ilipanda juu ya nyuzi hizo. Katika taarabu nako, kinanda kimekuja kubeba kazi ya mikono mingi. Kilichopungua pande zote mbili ni desturi ya watu wanne au watano kuketi pamoja na kusikilizana mpaka kila mmoja ajue pa kunyamaza.

Huenda mtu akasema kila kizazi kina chombo chake, na hoja hiyo ni ya haki. Kijana wa Qurus anayetunga kwa kompyuta hadaiwi kitu na gitaa. Wanaodaiwa ni wale wanaojiita wapenzi wa zilipendwa. Wimbo ulitangazwa kwa jina la bendi, mara nyingine kwa jina la mtunzi au mwimbaji. Aliyepiga solo la pili au rithimu alibaki bila jina. Kanda za Redio Tanzania zimerithiwa na TBC, na baadhi ya waliozipigia bado wanaishi. Wengine, kama Patrick Balisidya na Gurumo, wameshatangulia. Mtu akiketi na mzee mmoja aliyebaki, wakasikiliza wimbo mmoja, akaandika nani alishika gitaa lipi, atakuwa ameufanyia muziki huu jambo ambalo sifa za miaka thelathini hazijaufanyia. Washairi huhifadhi jina la mtunzi katika beti za mwisho za utenzi. Wapiga magitaa hawakuwa na beti hizo, na wa kuwaandikia ni wale waliosikiliza.