Nani Alimtuma Kalulu?

Hadithi ya jasusi kijana ina kanuni moja: mtoto hajitumi. Nyuma yake yupo mtu mzima aliyemtia njiani, akamnyima nusu ya habari, kisha akaketi kungoja matokeo. Kim wa Rudyard Kipling (1901) hutumwa na maofisa wa Kiingereza huko Bara Hindi. Alex Rider wa Anthony Horowitz, aliyezuka mwaka 2000 katika Stormbreaker, ana umri wa miaka 14, na idara ya ujasusi ya Uingereza humpata kwa vitisho. Kitabu cha namna hii hakipimwi kwa mbio na milipuko tu, bali kwa swali ambalo mwandishi wake anathubutu kuliuliza: nani alimtuma mtoto huyu, na kwa faida ya nani?

Kwa kipimo hicho na tukisome kitabu ambacho sisi watu wa pwani hatukitaji sana, ingawa njia yake inaanzia mlangoni petu. Nacho ni My Kalulu (1873), riwaya ya masaibu ambayo Henry Morton Stanley aliwaandikia wavulana. Selim, mtoto wa Kiarabu wa Unguja, hufuatana na baba yake katika msafara wa bara. Msafara huvunjwa vitani, naye hutiwa utumwani, hadi anapopata urafiki wa Kalulu, kijana wa kifalme wa Watuta.

Stanley mwenyewe hakuwa mbali na ujasusi. Alipofika Unguja Januari 1871, alificha kwamba gazeti la New York Herald limemtuma kumtafuta Livingstone. Alidai anakwenda kuuchunguza mto Rufiji. Mwezi wa Juni akaingia Tabora, akakaa Kwihara, akajiunga na Waarabu katika vita vyao na Mirambo. Ni huko Unyanyembe ambako mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimpa zawadi ya mtoto mtumwa, jina lake Ndugu Mali. Stanley akambadili jina, akamwita Kalulu, akieleza kuwa maana yake ni mtoto wa paa.

Mshairi hawezi kuyapita majina hayo bila kusimama. Katika la kwanza, undugu na bidhaa vimefungwa pamoja, na historia ya njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji imo humo. La pili, kwa Wachewa na Wabemba, ni jina la sungura, yule mjanja wa ngano. Mwandishi alikuwa na hazina hizo mbili mkononi, asiitumie hata moja. Alimvika mtoto ufalme, kwani mwana wa wafalme haulizwi alipatikana kwa njia gani.

Tumtendee haki: biashara ya watumwa inalaaniwa katika riwaya hiyo. Lakini lawama huelekezwa kwa anayeuza na anayeteka. Anayepokea mtoto kwa jina la zawadi haulizwi neno. Kalulu wa kweli alipelekwa Uingereza, akatiwa shule, kisha akarejeshwa Afrika katika safari ya pili ya bwana wake. Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa maji. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina la Kalulu. La Ndugu Mali halikuwekwa popote.

Fasihi yetu inao majasusi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni hodari, lakini ni mtu mzima: anamjua anayemtuma, na kazi aliichagua. Kijana wa Tabora, aishiye karibu na tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, anastahili kitabu cha rika lake.

Je, My Kalulu kifasiriwe? Naam, na kwa Kiswahili fasaha, lakini katika jalada moja na maisha ya Ndugu Mali. Kijana akisoma riwaya peke yake atapata msisimko. Akivisoma vyote viwili, atajifunza kumpeleleza mwandishi.